Mwanangu, steji waachie wenyewe

Mwanangu, meseji yako niliisoma jana usiku, ile ya kwamba umechoka na bendi ya familia na hutaki tena kupanda stejini, sikujibu palepale maana nilitaka nikuandikie vizuri.

Sijakasirika. Hata babu yako steji hajawahi kuipenda, anasema kuna miaka son jarocho, huu muziki wetu wa Veracruz hapa Meksiko, ilibaki ya mahotelini na maonyesho tu, watu wamevaa nguo nyeupe kinubi kinakimbizwa, huku kwetu Sotavento fandango zinapotea, mpaka kundi la Mono Blanco walipoanza mwaka 1977 wakawa wanawafuata wazee kama Arcadio Hidalgo wajifunze kwao, na fandango nazo zikaanza kurudi vijijini.

Ila fandango siyo steji. Pale hakuna tiketi wala maikrofoni, ni tarima ya mbao tu katikati, watu wameizunguka na jarana zao, vile vigitaa, huyu anaimba ubeti yule anamjibu, kinamama wanapanda wawili wawili wanapiga visigino na hivyo visigino ndo ngoma yenyewe. Unapigwa wimbo wa Siquisirí kufungua, hapo tena mpaka kunakucha.

Mimi nilifika huku msichana wa Dodoma, Kihispania sikijui, baba yako akanikalisha juu ya marimbol, lile sanduku lenye vyuma, nikagusa chuma kimoja nikaanza kulia, mbona hii ni marimba ya kwetu Ugogo, imekuwa kubwa tu mpaka unaikalia! Watu weusi walishushwa bandari ya Veracruz wakiwa watumwa, wengi walitokea pande za Kongo na Angola, Wabantu kama sisi, na kwenye huu muziki wapo mpaka leo. Usiku ule hakuna aliyeniuliza nimetoka wapi, walinisogezea kiti wakaendelea kupiga.

Sa hivi vidole vya babu vimekakamaa, leona, gitaa lake la besi, imetundikwa ukutani, ile aliyoichonga mwenyewe kwenye gogo moja la sedro. Tukipiga bila yake unasikia kabisa chini hakuna kitu. Juzi nimemkuta kibarazani na kipande cha pembe ya ng'ombe, anakikwangua na kioo kilichovunjika, taratibuuu, anakiweka juani anakiangalia anakwangua tena, anatengeneza kidude kipya cha kupigia nyuzi. Nikamuuliza, baba, cha nani hicho na wewe hupigi? Hakunijibu, akaniuliza mkono wako siku hizi umefikia wapi. Nikanyoosha wangu nikamwonyesha, wako umezidi hapa kidogo. Akakipima pale, akakwangua tena.

Sikukuu ya Candelaria ni tarehe 2 Februari, tunaenda mji wa Tlacotalpan wote, stejini watapanda baba yako na shangazi zako. We njoo tu usiku, kwenye tarima. Hicho kipembe kakimaliza jana, nimekifunga kwenye leso yangu kipo kwenye droo ya jikoni.

Mama yako