Usiuze cherehani kwanza

Akinyi wangu,

Habari za Kondele? Sisi huku Nakuru tuko salama, mvua imetupiga wiki nzima na matope ya Free Area unayajua. Voisi noti yako nimeisikiza mara tatu, ya tatu nikalia, juu hayo unasema, kwamba uliamka kutoka operesheni ya shingo vidole vinafanya kazi sawa lakini bega limekataa kuinuka, ndiyo nilipitia mwaka juzi hivyo hivyo.

Neva iliyolegea hapo, yaani mshipa wa fahamu, wanaiita C5, inatokea kati ya mfupa wa nne na wa tano wa shingo, ndiyo inainua bega na kusaidia kukunja kiwiko. Baada ya operesheni ya kufungua nafasi shingoni inajulikana kulegea, hata daktari akiwa amefanya kazi yake vizuri. Wengi nguvu huwarudia, ila si kwa wiki mbili, ni miezi, wengine mwaka na zaidi. Mimi nilikaa miezi 5 siwezi kuanika nguo wala kuchana nywele, mtoto ndiye alikuwa ananisuka.

Sasa hiyo sindano ya PRP unataka kuuzia cherehani ya pili. Wanakutoa damu yako mwenyewe mkononi, wanaizungusha kwa mashine dakika kadhaa mpaka seli nyekundu zijitenge, wanachukua yale maji ya manjano yenye chembe nyingi za kugandisha damu, wanakudunga nayo. Hizo chembe zina vitu vya kuamsha seli zijijenge, ndio maana watu wanatumaini zitasaidia neva. Kwa panya zimeonyesha kitu, na kwa watu kuna majaribio madogo kwa ile neva inayobanwa kwa kifundo cha mkono, lakini neva ya shingo baada ya operesheni, hapana, ushahidi bado ni mdogo sana. Huyo aliyekuambia utapona asilimia mia alinikasirisha, Akinyi, hakuna mtu mkweli anaahidi hivyo.

Mimi nilidungwa mara mbili, begani. Na mkono umerudi. Lakini wiki mbili kabla ya sindano ya kwanza ule msuli wa bega ulikuwa tayari umeanza kushtuka shtuka nikijaribu kuuinua, kwa hivyo siwezi kukuapia ni PRP ama ni wakati tu, na sitaki uuze kitu kinacholisha watoto kwa sababu yangu.

Chukua tepu yako ya kupimia nguo, weka mwanzo kando ya shingo, vuta mpaka katikati ya msuli wa bega. Utapata kama sentimita 20. Nyuzi za neva zikiwa zimekatika ndani hukua kama milimita 1 kwa siku, sasa piga hesabu, hiyo ni zaidi ya miezi 6. Kama neva ilivutwa tu bila kukatika huamka mapema, na EMG, kile kipimo cha umeme wa misuli na neva, ndiyo husaidia kutofautisha, hapo ndipo ningetaka pesa iende kwanza, hapo na kwa fizio. Miezi sita tangu operesheni ikikaribia na hakuna hata kushtuka, muulize daktari kuhusu operesheni ya kuhamisha neva nyingine, usingoje, msuli ukikaa zaidi ya mwaka bila neva hunyauka na kuurudisha ni ngumu.

Ukiamua kudungwa bado, aliyekupasua ajue, na kama sindano ni ya shingoni penyewe, pale karibu na uti wa mgongo, anayedunga awe anaona ndani kwa mashine, si kubahatisha. Waambie pia kama unameza brufeni, hupunguza nguvu ya hizo chembe.

Na tafadhali, miguu ikianza kulegea ama mkojo ukikataa, usingoje mimi, enda hospitali siku hiyo hiyo hata kama ni usiku.

Usiku ukilala weka mto chini ya kiwiko, bega lisining'inie, na mtoto akusaidie kuinua mkono polepole kila siku lisikauke, mimi nilichelewa na hilo na maumivu yake sitayasahau. Jumamosi nakuja na matatu ya asubuhi, tuende pamoja kuulizia hiyo EMG. Nitabeba viazi vya Molo, wewe usinunue chochote.

Wako,
Wanjiru