Taarifa ya Mwenyekiti: Potashi, Makuti na Makumbi

Ndugu wanachama,

Hesabu atazisoma mweka hazina, na ambao hawajalipa ada wanajijua. Mimi nizungumzie minazi.

Malalamiko ya mwaka huu yalikuwa yaleyale: makuti kugeuka njano. Mwenzetu mmoja alichoka kueleza, akaburuta kuti zima mpaka mezani kwa kamati. Lilikuwa kuti la chini, ncha na kingo zake zimekauka kama zimepitiwa na moto, uti wa kati bado kijani. Makuti ya juu ya mnazi huohuo hayakuwa na neno. Hiyo ni njaa ya potashi, yaani mnazi umekosa kirutubisho cha potasi: mti unayanyang'anya makuti ya zamani ili ulishe machanga. Lakini ukiona nazi changa zinapukutika na makarara, yale maganda yanayofunika maua, yanakuwa meusi, huo ni ugonjwa, usipoteze hela kwenye mbolea.

Mchanga wetu huu wa Mikindani, hapa pwani ya Mtwara, haushiki potashi, mvua inaizamisha, na mnazi unaila kuliko kirutubisho kingine chochote.

Kamati ilibishana sana kuhusu aina ya mbolea ya potashi ya kununua. Wenye ndugu wanaolima zabibu Dodoma walitaka salfeti ya potasi, isiyo na klorini, kwa sababu klorini inaudhuru mzabibu. Kwa mzabibu wako sahihi. Mnazi ni mti wa pwani, klorini unaihitaji. Tukachukua kloridi ya potasi, ambayo bei yake ni nafuu na ina potashi asilimia 60. Mfuko wa kilo 50 unakupa kilo 30 za potashi. Mfuko kama huo wa NPK ya 17:17:17, mbolea ya mchanganyiko yenye potashi asilimia 17, ungetupa kilo 8 na nusu tu.

Mwageni kwa duara, mita moja na nusu hadi mbili kutoka shinani, nusu mvua zikishashika Desemba, nusu zikielekea kuisha Aprili. Kumwaga yote katikati ya mvua kubwa ni kuilisha bahari.

Linaloniudhi ni makumbi, yale maganda ya nje ya nazi yenye nyuzi. Sehemu kubwa ya potashi inayotoka na nazi imo kwenye kumbi. Tunafua nazi, makumbi tunayauza, halafu tunachangishana kununua mfuko! Yafukieni kuzunguka minazi. Anayeyapikia hatumkatazi, ila majivu yarudi shambani, wala asiyachanganye na urea, naitrojeni itapotelea hewani.

Katibu anaandikisha maombi ya mifuko ya msimu ujao leo, kabla ya chakula. Mwenye deni la msimu uliopita aanzie kwa mweka hazina.