Barua kwa rafiki aliyeshikwa na woga mwambani

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipokea na kuisoma kwa makini. Unaniuliza inakuwaje mtu anayepanda kuta bandia za ukumbini bila wasiwasi ashikwe na woga mwambani, tena kwenye njia ambayo kwa daraja la ugumu ni rahisi kuliko zile alizozizoea, hadi mguu ukamtetemeka na vidole vikakataa kuachia jiwe. Sitakujibu kwa kukuambia ujikaze, maana ushauri huo sijauona ukimfaa mpandaji yeyote.

Ukumbini mambo mengi yameamuliwa kabla hujafika. Vishikio vina rangi, kwa hiyo macho yanajua yaende wapi; bolti (vyuma vilivyokazwa ukutani au mwambani, ambako mpandaji hunasisha kamba yake) zimekaribiana; chini kuna magodoro; na wapo watu ambao kazi yao ni kukagua vifaa. Mwambani maamuzi yote hayo yanakurudia wewe, nawe unayafanya ukiwa unaning'inia: kishikio kiko wapi, ni imara au kitang'oka, na bolti inayofuata iko umbali gani. Anayetangulia na kamba, akiwa mita 2 juu ya bolti aliyoipita, akiteleza ataanguka mita 4, na zaidi kidogo kwa sababu kamba huwa na ulegevu na pia huvutika. Mwili unaijua hesabu hiyo hata kama hujaipiga. Moyo huenda mbio, viganja hutoa jasho, nawe hukibana kishikio kwa nguvu isiyohitajika, misuli ya mikono ikajaa na kuchoka, kisha uchovu huo ukakupa sababu mpya ya kuogopa.

Kwa maoni yangu, woga huo usihangaike kuufukuza, uhoji. Jiulize: nikianguka sasa hivi, nitaangukia wapi? Ikiwa chini yako hakuna chochote cha kugonga, bolti ni nzima, na mwenzako anayekushikia kamba yuko makini, basi woga wako unahusu urefu tu, nawe unaweza kuendelea kupanda ukiwa nao. Lakini ikiwa chini yako kuna kibaraza cha jiwe, au hujafika bolti ya pili na ardhi bado iko karibu, au kamba imepita nyuma ya mguu na inaweza kukupindua kichwa chini, woga huo unasema kweli, na kushuka si aibu hata kidogo. Ajabu ni kwamba ukuta ulioinamia nje, unaotisha kuutazama, mara nyingi ni salama zaidi ukianguka kuliko mteremko wenye vibaraza unaoonekana mpole.

Umesema pia kwamba huiamini kamba. Kamba ya kupandia hutengenezwa ivutike ili ipunguze kishindo. Kiwango cha UIAA, shirikisho la kimataifa la wapanda milima, kinataka kamba inayotumika peke yake istahimili maanguko makali ya maabara yasiyopungua 5, kwa uzito wa kilo 80, na kishindo cha anguko la kwanza kisizidi nguvu ya kilonyutoni 12. Ningekuwa wewe, hofu yangu ningeielekeza kwenye ukingo mkali wa jiwe unaoweza kuikata, kwenye fundo la nane (lile la kujifungia kamba) lisilokamilika, na kwenye ncha ya kamba isiyofungwa fundo, inayoweza kuchomoka katika kifaa cha mwenzako wakati anakuteremsha. Mambo hayo yanakaguliwa mkiwa bado chini, kila mmoja akimkagua mwenziwe. (Kofia ngumu nayo uivae hata kama wengine hapo wanaicheka, mawe huanguka, na mengine huangushwa na wapandaji walio juu yako.)

Wapo wanaosema dawa ni kuanguka kwa makusudi, tena na tena. Nakubaliana nao nusu. Mazoezi hayo yanafaa yakianza na anguko dogo, bolti ikiwa usawa wa kiuno, mahali pa wima au palipoinamia nje na mbali na ardhi, na mshika kamba akiwa anajua kukupokea taratibu. Mtu akisukumwa aanguke kabla hajawa tayari, anarudi nyumbani na woga mkubwa kuliko aliokwenda nao. Kabla ya hapo, panda njia nyingi nyepesi kwa kamba iliyofungwa juu, mpaka miguu izoee kuliamini jiwe lisilo na rangi. Na mguu ukianza kutetemeka, rudi kwenye kishikio kizuri ulichokiacha, toa pumzi ndefu, shusha kisigino, kisha tazama miguu yako kabla ya kutazama juu.

Mkirudi pale, msianze na njia iliyokushinda, na kama ni mwamba wa mchanga usubirini ukauke vizuri baada ya mvua, kwa sababu ukiloa hudhoofika na vishikio huvunjika. Mpatane pia ishara za kuvuta kamba, maana upepo humeza sauti. Katika jibu lako niandikie urefu wa kamba yenu na urefu wa njia mnazozikusudia, kwa kuwa kamba ya mita 60 haitoshi kumteremsha mtu kutoka kwenye njia ya mita 35.

Wasalaam,
Rafiki yako