Bima ndogo na mvua za Mabatini

Mhariri, naomba kanafasi. Sisi wa Mwanza tukienda kukata bima ya gari tunauliza kitu kimoja tu, ndogo shingapi, stika ikishasoma kwenye mfumo wa TIRA, wale wasimamizi wa bima, basi, trafiki akikusimamisha huna presha. Sawa, sheria inataka hiyo, lakini bima ndogo inamlipa uliyemgonga, gari lako ni juu yako, na huku kwetu mvua ikipiga maji yanashuka toka kwenye milima ya mawe mpaka Mto Mirongo unajaa, mwaka jana kagari kangu kalizama mpaka kwenye siti pale Mabatini, nikaenda na karatasi yangu, dada wa bima akaniangalia kwa huruma tu. Injini imeshakunywa maji.

Sasa hivi nimekata kubwa, ile inayolipa na gari lako mwenyewe. Wanapiga asilimia ya thamani ya gari halafu VAT juu yake, inauma jamani, na ukisema unabebea abiria inapanda tena (wengine wanaficha, ajali ikitokea ndo wanalia). Ila kabla hujalipa uliza, mafuriko yamo? Mi niliuliza, yamo, ila kiasi cha mwanzo cha hasara natoa mwenyewe, hiyo nisingeuliza wala wasingenitajia.

Msomaji wenu, Igogo, Mwanza