Shimo la Baba Mdogo

London, Jumapili

Kwa Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Baridi imeanza, lakini si ya kuandikia barua.

Ujumbe wako kuhusu fedha za vyumba vya kupangisha nimeupata, na maneno ya Baba Mdogo kikaoni nimeyapata pia, maana Ujiji hakuna siri: kwamba mtoto wa kaka yake amekwenda Ulaya kusomea vyoo. Niliumia, Baba, hasa nilipoambiwa kwamba watu walicheka nawe ukanyamaza.

Basi mwambie ni kweli. Mwaka 1854, si mbali na chuo chetu, kipindupindu kiliua watu zaidi ya 600 katika mtaa mmoja na vichochoro vyake, wakati wengi wakiamini kwamba kinaletwa na hewa mbaya. Daktari John Snow alipita akiuliza kila penye msiba maji yalitekwa wapi, majibu yakaelekea kwenye pampu ya Broad Street, na tarehe 8 Septemba mpini wake ukang'olewa. Baadaye iligundulika kwamba shimo la uchafu la nyumba ya jirani, lenye kuta mbovu, lilikuwa likivujia kisimani. Nilisimama mbele ya pampu ya ukumbusho, isiyo na mpini, nikaikumbuka Mei 2015, meli ya Liemba ikishusha wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga na kipindupindu kikiwaandama, nawe ukitukataza kusogea bandarini.

Jumamosi ninajitolea katika ukumbi wa kanisa, tunapima watu presha bila malipo. Mwezi uliopita alikuja bibi wa Uvira, Kongo, ng'ambo ya ziwa letu. Nikamwamkia shikamoo, akacheka, akanijibu jambo. Muuguzi alikwisha mweleza dawa zake kwa Kiingereza, naye akaitikia kila neno kwa kichwa. Nilipomuuliza kwa Kiswahili alifungua mkoba, akatoa boksi la vidonge ambalo halijafika hata nusu, akasema, "Nakunywaka siku ile kichwa inauma tu."

Nilikuja huku nikiota ofisi ya Geneva, na ikiniita sitaikataa. Lakini kwanza naitaka kazi ile ya Snow, ya kupita na kuuliza kwa lugha ya mwenye nyumba, pande zote mbili za Ziwa Tanganyika. Mwaka 2017 ulitangazwa mpango wa dunia wa kupunguza vifo vya kipindupindu kwa asilimia 90 ifikapo 2030, na muda unakwisha. Andiko langu kuhusu visima vya kandokando ya ziwa limepata alama za juu kuliko yote darasani. Usimwambie Baba Mdogo, au mwambie.

Fedha nitatuma mwisho wa mwezi, kwa sharti moja. Kaka amenitumia picha: shimo la choo cha vyumba hivyo limechorwa kwa chokaa hatua chache tu kutoka kisima cha Bibi, tena upande wa juu wa mteremko. Lihamishiwe chini, nyuma ya mwembe mkubwa, mita 30 au zaidi kutoka kisimani, na wachimbaji wasiende chini mpaka wakute maji. Kaka apime kwa futi kamba, anipigie picha ikiwa imenyooshwa toka kisimani mpaka shimoni, namba zisomeke. Na huo mwembe, umeshaanza kutoa maua? Samaki wa huku ni wa barafu tu. Mwambie Mama aniwekee migebuka mikavu.

Binti yako