Nyumba salama ziwekewe fungu kwenye bajeti ya halmashauri

Ndugu Mhariri,

Mwaka jana, yapata saa tano usiku, mama mmoja wa mtaani kwetu alinigongea mlango. Mtoto mmoja yuko mgongoni, mwingine kamshika mkono, na huyo wa mkononi alikuwa na kandambili mguu mmoja tu. Jicho la mama lilikuwa limevimba hadi likafumba. Mimi ni mjumbe wa serikali ya mtaa, nikampeleka Dawati la Jinsia na Watoto la polisi.

Tulipokelewa vizuri, hilo lazima niliseme. Askari wa kike aliyekuwa zamu alimwandikia PF3, fomu ya polisi ya matibabu, tukaenda hospitali, tukarudi. Akapiga simu kwenye nyumba salama aliyoifahamu, yaani makazi ya muda ya wanaokimbia ukatili, ya shirika binafsi. Imejaa. Ndipo akauliza, "Mama, huna ndugu hapa mjini?" Hakuwa naye. Walilala kwenye benchi la kituo, watoto wamefunikwa kanga yangu. Asubuhi yule askari alifungua pochi yake mwenyewe, akatoa elfu tano ya bajaji. Mama akarudi kwenye nyumba ileile, maana ndiko ziliko nguo na madaftari ya watoto.

Tangu siku hiyo najiuliza: huduma hii ni ya Serikali au ni ya huruma ya askari mmoja?

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kwamba hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake, hata kama mila inaruhusu. MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, tunao, na kamati zake zimeshuka hadi mitaani. Mimi mwenyewe nimo. Tunakaa, tunaandika mihtasari, tunaelimishana. Lakini kitanda, unga, nauli na mshauri nasaha ni fedha, na nyumba salama nyingi zinaendeshwa na mashirika yanayotegemea wafadhili wa nje. Marekani iliposimamisha misaada yake Januari 2025, tuliona jinsi huduma inavyoweza kuyumba kwa uamuzi uliofanyika mbali na sisi.

Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 27 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa tangu walipofika miaka 15. Idadi hiyo haiwezi kuachiwa hisani.

Wapo wanaosema haya ni mambo ya ndani, yamalizwe na wazee. Nimekaa vikao hivyo vingi. Mume anaomba radhi, tunakunywa chai, na baada ya wiki mbili mwanamke yuko mlangoni tena. Hata wazee wenyewe wangependa awe na pa kulala wakati wanazungumza.

Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa sababu sheria imeagiza. Basi tusiambiwe kwamba haiwezekani. Ombi langu ni kasma, yaani fungu la bajeti, inayosomeka kwa jina lake: nyumba salama moja walau kwa kila halmashauri, chakula chake, ofisa ustawi wake, na fedha kidogo ya dharura pale dawatini ili askari asiingie mfukoni mwake.

Bajeti mpya inaanza Julai 1. Madiwani wetu watakapopitisha makadirio, naomba mmoja wao asimame aulize: kasma ya nyumba salama ni shilingi ngapi?

Mjumbe wa serikali ya mtaa,
Mwanza