Mwenye diploma asirudishwe mwanzo chuoni

Mhariri,

Sheria ya Mfumo wa Kitaifa wa Sifa za Kielimu ilipopitishwa mwaka wa 2014, nia yake ilikuwa wazi: kila cheti kinachotolewa nchini Kenya, kiwe cha fundi au cha uzamifu, kipangwe katika mfumo mmoja wenye viwango kumi, na kila kiwango kielezwe kwa yale ambayo mhitimu anayajua na anaweza kuyafanya. Humo diploma imewekwa katika kiwango cha 6 na shahada ya kwanza katika kiwango cha 7. Anayeusoma mpangilio huo ataamini kwamba aliyemaliza diploma amebakiza hatua moja tu kufikia shahada, lakini sisi tunaofunza katika vyuo vya kiufundi tunajua kuwa mambo hayako hivyo.

Mwanafunzi aliyehitimu diploma ya umeme au ya ujenzi, akiwa amepitia karakana na mafunzo ya nyanjani, mara nyingi huingia chuo kikuu na kuketi mwaka wa kwanza pamoja na kijana aliyefanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, majuzi. Hurudia hisabati aliyokwisha kuifaulu na uchoraji wa kiufundi anaoumudu, huku mzazi akilipia mara ya pili masomo yale yale. Wapo wanaosamehewa mwaka mzima na wapo wasiosamehewa hata somo moja, kwa kuwa uamuzi huachiwa idara.

Nionavyo, kiini cha tatizo ni jinsi tunavyopima masomo. Kwa desturi ya vyuo vikuu vyetu, saa tatu za kazi ya maabara au karakana huhesabiwa kuwa sawa na saa moja ya mhadhara. Mfumo wa kitaifa hautumii kipimo hicho. Huhesabu muda wote ambao mwanafunzi hutumia kujifunza, awe darasani, karakanani au akijisomea, na kila saa kumi humpa krediti moja. Vipimo hivi viwili vinapokutana mezani kwa msajili, anayepoteza ni yule ambaye elimu yake ilipita mikononi. Na ikiwa mwenye cheti rasmi anapoteza hivi, fundi wa juakali ambaye ujuzi wake haujawahi kuandikwa popote atapata nafasi gani?

Vyuo vikuu vina hoja, nami siidharau. Si kila chuo kinachotoa diploma kinafunza ipasavyo, na seneti ya chuo kikuu ina wajibu wa kulinda thamani ya shahada yake. Tena vyeti ghushi ni janga la kweli: mwaka wa 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba zaidi ya vyeti 2,000 vilivyokaguliwa katika taasisi za serikali vilikuwa bandia. Kuwasaka walaghai ni kazi ya lazima, ila mfumo ukijulikana kwa kazi hiyo pekee, yule aliyesoma kwa jasho lake atakuwa hajafaidika nao.

Afrika Kusini ilianza safari hii kwa sheria ya mwaka wa 1995, ikalazimika kuupanga upya mfumo wake mwaka wa 2008 na kuugawa katika mifumo midogo mitatu iliyounganishwa. Kwetu hapa, marais wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza mwaka wa 2017 kwamba kanda hii ni eneo moja la elimu ya juu, ilhali shahada ya kwanza ambayo Kenya iko kiwango cha 7, Tanzania iko kiwango cha 8. Tofauti hiyo ya tarakimu inaweza kutatuliwa kwa jedwali. Ni vigumu zaidi kumweleza msajili wa Makerere au wa Dar es Salaam kwa nini aiheshimu diploma ambayo chuo kikuu cha hapa nyumbani hakiitambui.

Kwa hivyo ninaiomba Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu isiidhinishe mtaala wowote wa shahada ambao hautaji ni diploma zipi zinazoingia humo, ni krediti ngapi zitakazokubaliwa, na mhitimu wake ataanzia mwaka gani. Maelezo hayo yachapishwe kabla ya wanafunzi kutuma maombi, na idara itakayomkatalia mwombaji krediti zake imweleze sababu kwa maandishi.

Mhadhiri wa chuo cha kiufundi,
Nakuru